Ilani ya Watu wa Jamvi

Sisi ni wachungaji, wainjilisti, makatekista, wazee wa kanisa na akina mama wa madhehebu manne. Hatukutumwa na askofu wala baraza lolote, na mpaka leo hakuna aliyetukataza. Tumekutana mara sita sebuleni kwa mzee mmoja, kwa chai ya rangi na viazi vitamu, na mara ya sita mtu akasema maneno haya yaandikwe kabla hayajapoa. Kalamu nimekabidhiwa mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Msitafute sababu nyingine.

Tunalolisema ni moja. Neno ambalo mhubiri hawezi kulirudia akiwa ameketi jamvini, msibani, mbele ya mama aliyefiwa, asilitamke madhabahuni.

Nianze na mimi mwenyewe, maana wenzangu wamesema ilani isiyoanza na toba itakuwa hotuba. Jumapili moja ya mwezi wa saba nilihubiri kwamba mtu akitoa fungu la kumi kwa uaminifu, mlaji hatii mguu nyumbani kwake. Andiko nilikuwa nalo, Malaki sura ya 3. Sauti nilikuwa nayo pia. Watu walisimama, kinanda kikanifuata, nikashuka madhabahuni nimelowa jasho na nimeridhika. Alhamisi yake binti wa mweka hazina wetu, msichana wa kwaya, alifia njiani akipelekwa kujifungua. Mweka hazina yule hajawahi kukosa zaka tangu nimfahamu; mimi ndiye niliyekuwa nikiihesabu pamoja naye. Nilipofika msibani alisogea jamvini akanipa nafasi. Hakuniuliza kitu. Laiti angeniuliza.

Jioni zamu yangu ya kusema ikafika, nikasema tunachosema wote: kazi ya Mungu haina makosa. Mama mmoja upande wa jikoni akajibu kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutosikika: "Ya Mungu haina. Na ya gari la wagonjwa lisilokuwa na mafuta?"

Nimehubiri miaka mingi, na sijawahi kusikia ufafanuzi wa Maandiko ulionyooka kama ule. Ni mara ngapi tumemsukumia Mungu makosa yenye wenyewe? Dawa hazikuwepo, tunasema ni mapenzi yake. Daraja limevunjika kwa sababu saruji iliuzwa, tunasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tumejiona tunamtetea Mungu, kumbe tunawafichia watu madeni yao chini ya jina lake. Na aliyefiwa anatusikiliza kwa adabu, anaitikia amina, kisha usiku anabaki na Mungu ambaye sisi tumempaka damu mikononi.

Wenye kujua Biblia watakumbuka rafiki za Ayubu. Walipomwona, walikaa chini naye, mavumbini, siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hiyo ndiyo huduma bora waliyomtolea. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa. Ezekieli naye alipofika kwa wahamishwa, kando ya mto Kebari, alikaa katikati yao siku saba ameduwaa kabla neno la Bwana halijamjia tena. Nabii aliketi kwanza. Na Bwana mwenyewe, kwenye njia ya kwenda Emau, aliwakuta watu wawili wametoka kumpoteza mpendwa wao, na kabla ya kuwafunulia Musa na manabii aliwauliza wanazungumza nini. Alikuwa anajua. Akauliza hivyo hivyo, kisha akawaacha waseme yote, hata sehemu waliyokosea.

Yupo pia Eutiko wa Troa, kijana wa Matendo sura ya 20, aliyekaa dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, usingizi ukamzidi akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kisa hiki tumekitumia kuwachekesha vijana wanaosinzia. Tumesahau alichofanya mhubiri: alikatisha mahubiri, akashuka, akamkumbatia yule kijana, ndipo akapanda tena. Paulo alishuka! Sisi tungemtuma mhudumu akaangalie kuna nini huko chini, na maiki ingeendelea.

Imani yetu huku haikuanzia jukwaani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa saba wa mwaka huohuo mkewe Rosina alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na siku chache baadaye kitoto chao kikamfuata. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Kabla hajajenga kanisa lolote, mmisionari yule alikuwa na kaburi. Na alipoanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Jambo hili silisikii likihubiriwa, labda kwa sababu halitusaidii kujigamba. Miaka karibu 90 baadaye, Uamsho ulipotoka Gahini nchini Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Bukoba na nyanda za Kenya, haukubebwa na maiki. Ulibebwa na watu waliokaa kwenye duara, mke na mume, msomi na mpishi, kila mmoja akisema dhambi yake kwa jina lake, na kesho yake akirudisha jembe aliloiba. Janani Luwum alitoka katika duara hizo. Alipouawa Februari 1977 kwa kumwambia ukweli Idi Amin, alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, lakini ukweli alikuwa ameshazoea kuusema akiwa chini, pamoja na ndugu zake. Na wenzetu Wakatoliki, maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliamua uchungaji usimame juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, nyumba kwa nyumba. Basi hatubuni kitu. Tunafuata nyayo ambazo nyasi zimeanza kuzifunika.

Nini kimeziota juu? Tuseme bila kuuma maneno.

Tumejifunza kuhubiri kwa kuwatazama wahubiri wa kwenye televisheni. Mtindo wa kutembea jukwaani na leso, sauti ya kukwaruza, kinanda kinachopanda mhubiri akipanda. Kila baada ya dakika tatu tunawaambia watu: mwambie jirani yako. Mwambie jirani yako mwaka huu ni wako. Mwambie jirani yako utavuka. Washarika wamemwambia jirani kila kitu, ila hawajui jirani anaitwa nani, wala kwamba jana alilala na njaa. Ingetosha mara moja tungesema: muulize jirani yako.

Tumegeuza sadaka kuwa bahati nasibu. Panda mbegu. Sadaka ya kujimaliza. Namwona mtu ambaye Roho anamwambia atoe laki moja, asimame. Mjane aliyetoa senti mbili hekaluni aliangaliwa na Bwana, naye hakuahidiwa nyumba ya ghorofa. Hakuahidiwa kitu chochote. Ukiuhubiri kwa uaminifu mstari ule hutapata pesa, na nadhani ndiyo maana tunaupitia haraka.

Kisha uponyaji. Mwaka 2011 umati uliifuata njia ya vumbi hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilishika kilomita kwa kilomita, na wapo waliofia kwenye foleni. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulianza kufukuliwa, na miili ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu ilipita 400, watoto wakiwa wengi. Mambo haya matatu hayalingani, na hatuyatii kapu moja. Mzee wa Samunge hakumwambia mtu ajiue kwa njaa. Lakini jiulize kila mmoja wa wale watu alikuwa ametokea kanisa gani kabla ya kufika pale. Wengi walitoka kwetu. Walikuwa na kadi zetu na namba zetu za bahasha. Walipougua, walipofilisika, walipochoka, nani alikwenda kwao kukaa? Rahisi kuwaita wajinga. Mimi nadhani walikuwa wapweke, na mtu mpweke humfuata yeyote anayelitaja jina lake.

Kwa hiyo, sisi tuliotia sahihi hapa chini, tunajifunga.

Hatutapanda madhabahuni Jumapili kama juma hilo hatujaingia nyumba ya mtu. Utaratibu tulioujaribu ni huu: Jumatano jioni tunakwenda kwenye nyumba moja na somo la Jumapili ijayo, lile lililoandikwa kwenye kalenda ya kanisa, si lile tulilolipenda. Mwenye nyumba au mtoto wake anasoma kwa sauti. Wa kwanza kusema ni wa humo ndani. Mhubiri anasema mwisho, au hasemi. Jumapili anahubiri huku amebeba alichosikia, bila kutaja jina wala siri ya mtu, maana siri ya nyumba ya mtu si mfano wa mahubiri. Tunaanzia mwisho wa njia, kule bodaboda zinakokataa kwenda masika. Nyumba zenye geti na zulia tumezizoea. Zitapata zamu yao.

Nitoe mfano wa kilichotokea, ili msidhani ni nadharia. Tulikwenda na Luka sura ya 15 kwa baba mmoja fundi baiskeli. Tuliposoma habari za mwana mpotevu, yeye hakugusa habari ya mwana wala ya ndama. Aliuliza: "Mama yao alikuwa wapi?" Mimi nimeuhubiri mfano ule labda mara 30 na swali hilo halijanijia hata siku moja. Mkewe alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma. Jumapili sikuwa na jibu, nikawaambia washarika sina jibu, na kanisa lilitulia kwa namna ambayo kelele zangu zote hazijawahi kulituliza.

Marehemu hadaiwi. Katika sharika nyingi mtu akifa kinachofunguliwa kwanza ni daftari la bahasha, na kama hakuwa amemaliza ahadi ya jengo, mchungaji anapata udhuru na jeneza linasindikizwa na nyimbo za majirani. Tumeona mzee aliyebatizwa mwaka ambao kanisa lenyewe lilikuwa la nyasi akizikwa bila sala kwa sababu ya deni ambalo lisingenunua hata bati tatu. Sisi tutazika. Tukiitwa na asiye na kadi, tutazika. Akiwa ni mlevi, ni aliyejinyonga, ni binti aliyetengwa kwa kupata mimba, tutakwenda kukaa, kisha tutazika, na kama taratibu za kanisa zinatuzuia kuvaa joho basi tutakwenda bila joho.

Hatutamwambia mgonjwa aache dawa za ARV, za sukari wala za presha. Tutaomba. Tutamwekea mikono na kumpaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, kisha tutamuuliza ana nauli ya kurudi kliniki. Anayesema kwamba kuuliza nauli ni upungufu wa imani, huyo hajawahi kumpeleka mgonjwa.

Mgeni rasmi hatapewa maiki. Atakaribishwa, atakaa alipokuta nafasi, atatoa sadaka kwenye kikapu kama wengine na kiasi chake hakitatangazwa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha za wanasiasa zilizotolewa katika parokia moja, za rais wa nchi zikiwemo, zitarudishwa. Siku ile baadhi yetu tulijisikia aibu, kwa sababu majengo yetu yana mabati ambayo hatungeweza kuyarudisha.

Mnada baada ya ibada tunauacha, na hapa nilibishana na wenzangu nikashinda. Jogoo yuleyule huuzwa mara nne, kila anayemnunua anamrudisha kwa Bwana; papai la bibi linanunuliwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu ni la bibi. Ile ni furaha, na kanisa letu halina furaha nyingi za namna ile. Tunachokataa ni kusoma majina ya wasiotoa.

Mwinjilisti alipwe kwanza. Yeye ndiye anayelala msibani. Mchungaji huja na gari siku ya mazishi, akapata chakula cha chumbani, akaondoka kabla ya mvua. Mwinjilisti anazungukia mtaa mzima kwa baiskeli, anafundisha kipaimara, anapatanisha wanandoa, na posho yake inasubiri mpaka mambo mengine yaishe. Nasi wachungaji tuliomo humu tumekubaliana kwamba katika sharika zetu tutaomba baraza lipitishe posho ya mwinjilisti kabla ya mshahara wetu. Wawili hawakufurahi. Wametia sahihi hata hivyo.

Na tutawauliza akina mama. Wanaoosha maiti wa kike, wanaosonga ugali wa watu 200 nyuma ya nyumba, wanaomshika aliyefiwa kiuno asijirushe kaburini, hao wanaijua mauti kuliko sisi tuliosoma vyuo vya theolojia. Mama wa gari la wagonjwa ni mmoja wao, na ni mmoja wa waanzilishi wa jambo hili. Madhehebu mawili kati ya yetu hayamruhusu kuhubiri. Mashauri hayo tumeyaacha kwa wenye mamlaka, lakini jamvini hakuna madhabahu ya kumzuia mtu, na pale huwa tunamsikiliza.

Tumeulizwa kama hii si injili laini, ya kuwapapasa watu. Mhubiri akisema tu lile ambalo mfiwa anaweza kulisikia, toba itakwenda wapi? Hukumu je? Anayeuliza hivi huenda hajakaa msibani mpaka usiku. Msibani ndiko ndugu wawili wasiosemeshana miaka kumi hulazimika kugawana jembe moja la kuchimbia kaburi. Msibani mume aliyekuwa akimpiga marehemu anakaa akitazama ukuta, na kila mtu anajua. Jaribu kumwambia neno la toba pale, kwa sauti ya kawaida, bila kinanda, hatua moja kutoka usoni pake. Utaona kama ni injili laini. Vitisho vya jehanamu tunavyovirusha juu ya jeneza la mtu mwingine, huku wafiwa wakilia, ndivyo vyepesi. Havimgharimu msemaji kitu.

Tumeulizwa pia mchungaji mwenye mitaa minane atazipata wapi Jumatano hizo. Hatapata zote. Aende kwa moja, na kwa mitaa saba iliyobaki apokee habari kutoka kwa mwinjilisti na wazee wa jumuiya, akiwasikiliza kama anavyosikiliza wahasibu. Mahubiri yatakuwa mafupi. Tumekubaliana dakika 20, kwa heshima ya Eutiko.

Wapo waliotutabiria kwamba baada ya mwaka tutakuwa dhehebu. Hatujisajili. Hatuna jina; watu wameanza kutuita watu wa jamvi na hatujakataa. Hatuna akaunti ya benki, sare, wimbo, mwenyekiti wala nabii. Hakuna anayehama kanisa lake kuja kwetu, kwa sababu hapa si mahali pa kuhamia. Mlutheri atabaki Mlutheri, katekista atarudi kigangoni kwake, Mpentekoste ataendelea kunena kwa lugha na sisi wengine tutaendelea kushangaa. Kinachotuunganisha ni kipimo kimoja tu, na kila mmoja atakitumia kwa mahubiri yake mwenyewe kabla hajakitumia kwa ya jirani.

Hatujui tutadumu mpaka lini. Mimi mwenyewe, juma lililopita, nilijikuta naanza kupandisha sauti bila sababu, na kinanda kikanipokea kama rafiki wa zamani. Mweka hazina alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mbele. Nikanyamaza, nikatafuta nilipokuwa kwenye somo, nikaendelea polepole. Baada ya ibada alinipa mkono kama kawaida. Bado hajaniuliza.

Jumatano hii somo ni Yohana sura ya 11, Lazaro. Tunakwenda kwa mama anayeuza dagaa, nyumba ya mwisho kabla ya bonde. Amesema tusije kabla ya saa kumi na moja, mpaka awe ametoka sokoni na kuoga, na tusibebe viti kwa sababu hapana pa kuviweka. Jamvi analo.